Darasa la jioni la Kiarabu Kirumba, kwa wanaokwenda kusoma Cairo

Ni chumba kimoja ghorofani, jirani na soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, viti kama ishirini na ubao mweupe. Kozi ni ya wiki 12, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Wengi wanaojiandikisha wametoka madrasa na wanasubiri nafasi Al-Azhar. Msahafu wanausoma vizuri. Kinachowakwamisha watu wa namna hii wakifika Misri ni kusikia na kujibu, na pia kusoma maandishi yasiyo na irabu, na hapo ndipo darasa hili linapostahili fedha yake.

Mwalimu anaanzia kwenye Kiswahili. Wiki mbili za mwanzo hagusi nahau, yaani sarufi, kabisa, anashughulika na maneno ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. Sisi tunasema somo ni rahisi. Mwarabu akiambiwa somo ni "rakhis" anaelewa kuwa limeuzwa kwa bei ya chini, maana wepesi wa jambo kwake ni "sahl". Hasira yetu ni ghadhabu, "hasra" yao ni majuto. Bei yetu imetokana na neno lao la mauzo, kwa hiyo dukani Cairo swali la bei ni "bikam?" Na mtaani kule "meallem" ni fundi mkubwa au mwenye bucha. Mwalimu wa shule ni "mudarris".

Somo bora kuliko yote ni la saa na siku. "As-saa sabaa" ni saa moja yetu. Anayesikia saba akapanga kufika saa saba mchana, mhadhara wa asubuhi umempita kwa saa sita nzima. Siku nazo zina mtego wake: sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, wao kuanzia Jumapili, hivyo "ath-thulathaa", yenye tatu ndani yake, ni Jumanne. Mwenye miadi ya kibali cha kuishi siku hiyo, akitafsiri kwa hesabu ya kwetu, atapanga foleni Jumatatu. Alhamisi na Ijumaa tu ndizo zinazopatana. Ratiba ya darasa imebandikwa mlangoni kwa Kiarabu, na tarakimu zake pia ni za Kiarabu, ambapo tano ni kiduara kama sifuri yetu, sita inakaribia kufanana na saba yetu, na sifuri ni nukta tu. Anayeisoma vibaya anakuta kufuli. Ni ukali, lakini ni ukali wenye faida.

Matamshi yanafundishwa kwa makini. Daladala za uwanja wa ndege zinapita chini ya dirisha, na mwalimu anazitumia: "matar" ni mvua, "mataar" yenye a ndefu mwishoni ndiyo uwanja wa ndege. "Hammaam" ni bafu na choo, lakini usipoikaza m umeulizia njiwa. Waliokulia Kisukuma wanawahi kuliko wenzao hapa, kwa kuwa Kisukuma nacho kinatenganisha irabu fupi na ndefu. Wanachotakiwa kukifanyia kazi ni r na l, kwani "harr" ni joto na "hall" ni ufumbuzi.

Jumamosi moja moja darasa linahamia Mwaloni, wanafunzi wawili wawili, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi, mbele ya samaki wa kweli. Samaki ni "samak", hilo halina shida, ila sato wetu Mmisri anamwita "bulti". Kazi kubwa iko kwenye namba. Ishirini na tano wao wanasema "tano na ishirini", na anayeandika tarakimu kwa mfuatano anaousikia ataandika 52. Zoezi hili lingefaa kufanywa kila wiki.

Kasoro ya kwanza ni vivuli vya masomo. Kijitabu kimetolewa kopi juu ya kopi mpaka nukta zimefutika, na kwa Kiarabu nukta ndiyo herufi. Katikati ya neno, ba, ta, tha, nun na ya zote ni kijino kimoja. Kinachozitenga ni idadi ya nukta na kama zipo juu au chini. Ukurasa wa msamiati wa sokoni una vijino vitupu, na mwanafunzi anakariri neno ambalo halipo. Nakala safi ipo kwenye kompyuta ya mwalimu. Omba utumiwe kwenye simu, kachapishe mwenyewe stesheneri.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kati ya saa 72 za kozi, lugha ya mtaani ya Misri imepewa saa sita tu, tena wiki ya mwisho, wakati wengi wameshaanza kuhangaikia safari. Kiarabu fasaha kitamfaa mtu darasani. Kwenye basi dogo la Cairo, "shusha" yetu ni "ala gamb, ya usta", na asiyeijua atapitilizwa kituo. Jim yao inatamkwa ga, qaf inamezwa kooni: ofisi ya "jawazat", yaani pasipoti, utaisikia "gawazat", "qahwa" inakuwa "ahwa", nalo ni jina la kinywaji na la mkahawa pia. Mkate ni "eish", siyo "khubz" ya kitabuni. Mambo haya yangeanza wiki ya sita, yakaenda sambamba na nahau.

Asiyejua herufi asilipie hapa bado, hakuna atakayemsubiri. Kwa aliyehitimu madrasa, alipie miezi yote mitatu, akae viti vya mbele kwa sababu honi za barabarani zinafunika h na kh, na siku ya kujiandikisha yenyewe aulize lugha ya mtaani itaanza wiki ya ngapi.