Uzoefu wangu na pampu ya presha: bolti iliyowekwa mahali pa valvu

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu masika yaliyopita. Nilijiambia nisiliandike mpaka hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nina sehemu ya kuoshea malori Makambako, upande wa barabara ya Mbeya. Anayeijua Makambako anajua kazi ilivyo. Malori ya Tunduma na Zambia hayakatiki usiku na mchana, ya Songea yanakuja na mahindi na makaa ya mawe, na tope letu jekundu likishakaukia kwenye chasisi hulitoi kwa ndoo na brashi. Miaka yote nilitumia vile vimashine vidogo vya kubeba mkononi, vinakufa kimoja baada ya kingine. Nikajibana, nikacheza vikoba, nikanunua pampu kubwa ya kiwandani, ya pistoni tatu, inayozungushwa na mota ya fezi tatu kwa mikanda. Duka silitaji. Habari za lita na presha mtazisoma kwenye kibandiko chake.

Mimi nazungumzia bolti moja.

Duka lilinipa fundi wa kufunga, gharama yake ndani ya bei. Kijana nadhifu, boksi la spana zinang'aa, nikasema leo nimepata mtu. Akafunga kwa siku moja. Kwenye kichwa cha pampu kulikuwa na valvu mbili. Ya kwanza inayageuza maji yarudi nyuma unapoachia kifyatulio cha bunduki ya kurushia maji. Ya pili ni ya usalama: presha ikipita kiwango, inafunguka na kumwaga maji nje. Alipowasha mara ya kwanza, ile ya usalama ikaanza kumwaga, tena si matone, ni mchirizi kabisa. Akazima, akaifungua kwa spana, akaitia mfukoni. Kisha akachagua bolti kwenye boksi lake, akaizungushia tepu nyeupe mara tatu au nne, akaikaza pale pale valvu ilipotoka.

Nikamuuliza, "Fundi, hicho ulichotoa kina kazi gani?"

Hakugeuka hata shingo. "Mama, si unataka presha? Hiki kinakuibia presha. Haya mambo tuachie mafundi, wewe kaa pale utuchemshie chai."

Na chai nilichemsha. Hilo linaniuma kuliko fedha.

Sasa nimeelewa, na ningependa kila mwenye pampu ya aina hii alielewe kabla hajaambiwa achemshe chai. Pampu ya pistoni si kama ile ya kisimani. Nyingi za visimani, ukifunga bomba, panga lake linazunguka ndani ya maji na presha inafika mahali inasimama. Ya pistoni haijui kama umefunga. Kila ikizunguka inasukuma maji yale yale, kiasi kile kile, yana pa kwenda au hayana. Yasipokuwa na pa kwenda, presha inapanda mpaka kitu kipasuke: mpira, kiungio, kichwa cha pampu, chochote kilicho dhaifu kuliko vingine. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka valvu mbili. Moja ikigoma, nyingine inaokoa. Valvu ya usalama ikimwaga inakuambia kuna tatizo mahali pengine. Yeye alimziba mdomo aliyekuwa anatuonya.

Nikiri kwamba wiki za mwanzo nilikuwa nimelewa furaha. Lori lililokuwa linakula saa mbili lilitoka kwa dakika arobaini. Madereva wakaanza kuniletea wenzao. Wakati ule mngeniuliza ningewaambia kanunueni, tena mkakope. Dalili zilikuwepo. Ukiachia kifyatulio, mshale wa geji ya presha ulikuwa unaruka na kukaa juu, na mpira unakakamaa kama fimbo. Mikanda inalia. Nikampigia yule fundi, akasema pampu ni mpya, bado inajizoesha. Nikamwamini tena.

Anayeshika bunduki ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi, ananiita mama mdogo. Siku ile alikuwa anaosha tela, utingo akamwita asogeze ngazi. Akaachia kifyatulio, mkono wa kushoto akashika mpira karibu na bunduki ili auvute. Mlio uliotoka nilidhani tairi la lori limepasuka. Mpira uliachia pale unapobanwa na chuma, ukaruka kama nyoka, na yeye akasimama tu, anautazama mkono wake.

Hapakuwa na damu. Chini ya kidole cha shahada palikuwa na kitundu kama cha kuchomwa na sindano, ngozi ya pembeni imepauka. Akaniambia, "Mama mdogo, hakuna kitu, panawasha tu." Nikampigia fundi, nikiamini anajua zaidi yangu. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini: "Ni maji tu hayo mama, mpake spiriti. Mpira wa kununua mwingine nitakuelekeza."

Ni maji tu. Presha hupimwa kwa bar, na tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Inasemekana bar 7 hivi zinatosha kutoboa ngozi ya mtu. Pampu yangu ilikuwa inasukuma zaidi ya 150 siku za kawaida, na siku ile hakuna ajuaye ilifika ngapi, kwa sababu mshale ulikuwa umegonga mwisho wa geji.

Jioni kidole kilikuwa kimevimba, kimekaza, hakikunji. Tulipofika hospitali, wa kwanza kutupokea alitaka kuweka plasta, na simlaumu, ungekiona kitundu chenyewe nawe ungeweka plasta. Daktari aliyefuata ndiye aliyeuliza kimemchoma nini. Nilipotaja pampu ya presha, sura ikabadilika. Akatueleza kwamba kitundu kinadanganya. Maji yanapita chini ya ngozi, yanafuata njia za mishipa inayokunja vidole, yanabeba uchafu mpaka kiganjani, na uvimbe wa ndani unakata damu isifike. Usiku ule ule wakampasua na kumsafisha. Akasema tushukuru yalikuwa maji. Ingekuwa oili, rangi au dawa ya kuyeyushia grisi, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata kidole. Kwa hiyo jambo hili likikupata, usingoje maumivu, usipake kitu. Nenda, na ukifika mlangoni taja neno presha kabla hujaulizwa.

Kidole kipo. Hakikunji chote. Anashika kijiko, vitu vyembamba vinamsumbua.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Nilisafiri usiku na ile bolti kwenye mkoba, nimeifunga kwenye leso. Sikwenda kudai fedha. Nilitaka mtu mmoja aitazame ile bolti aniambie, mama, hapa tulikosea. Mwenye duka aliitazama, akairudisha mezani kwa ncha ya kidole, akanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi bidhaa. Akasema, "Basi huyo fundi si wetu, tunamwita tu akihitajika." Siku ya kuuza alikuwa "fundi wetu wa kampuni". Mtoto amepasuliwa, ghafla hana kwao. Akanitolea soda. Sikuinywa.

Kwa muda nilitaka kuiuza ile pampu kwa bei ya chuma chakavu. Nilikuwa siwezi kuitazama. Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha chai, sasa anatengeneza mashine za kusaga na kupasua mbao. Alipoingia hakugusa kitu. Aliniambia niwashe, akasimama mbali kidogo amefumba macho, anasikiliza. Kisha akauliza, "Mama, unasikia kokoto?" Nikasikia. Kwa muda wote ule nilidhani ndio mlio wake, kumbe pampu ilikuwa ina njaa ya maji. Yule wa kwanza alikuwa ameunga mpira mwembamba wa bustani upande wa kuvuta, mrefu, unajibana katikati kila pampu inapovuta. Maji yasipotosha, ndani kunatokea mapovu, yanapasuka kwenye chuma, na chuma kinaliwa kidogo kidogo mpaka kinatoboka. Hayo ndiyo makokoto. Akaweka mpira mgumu usiobonyea, mfupi, mpana kuliko mdomo wa pampu, akainua simtanki juu ya matofali ili maji yashuke yenyewe, akaweka chujio. Tulipowasha tena nilidhani ni mashine nyingine. Ilikuwa inanguruma taratibu kama cherehani.

Valvu ya kurudisha maji alipoifungua alikuta mchanga umeigandisha. Hicho ndicho chanzo cha ule mchirizi wa siku ya kwanza. Kuisafisha kulimchukua muda wa kunywa chai, ambayo safari hii nilimchemshia kwa moyo. Maji yake yalikuwa yanarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, akayaelekeza kwenye tanki, kwa sababu maji machache yakizunguka pale pale yanapata moto na kuunguza sili, zile pete za kuzuia maji yasivuje. Akafunga valvu mpya ya usalama, akaipima mbele yangu, akaniambia inatakiwa ifunguke juu kidogo tu ya presha ya kazi. Pampu na mota zilikuwa juu ya mbao; akazifunga kwenye fremu moja ya chuma, fremu ikashikwa na zege. Akaweka rula ndefu kwenye puli mbili, yale magurudumu ya mikanda, kuona kama zimenyooka, akafunika mikanda kwa wavu. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haukuwepo kabisa. Haukuwepo, kwenye mota ya fezi tatu, mahali ambapo watu wanasimama kwenye maji kutwa nzima! Akauweka, pamoja na kifaa cha kukata umeme ukivuja.

Akatuweka chini, mimi na kijana wangu, akatufundisha kuzima. Kwanza mota. Kisha funga maji. Kisha bonyeza kifyatulio mpaka mshale ulale kwenye sifuri. Ndipo uguse spana, kabla ya hapo mikono mfukoni, maana pampu iliyozimwa bado imebana presha ndani ya mpira. Ukihisi mpira unavuja usipapase kwa kiganja, pitisha kipande cha boksi. Nozeli, ile ncha ya bunduki inapotokea maji, ikilika presha inashuka; badilisha nozeli, usikaze valvu. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 za kazi, baadaye kila saa 500, na kila asubuhi tazama kioo cha kuonyesha oili kwenye pampu: oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia, usiwashe. Kijana aliandika yote kwenye karatasi kwa mkono wa kulia, ule mzima, na karatasi tumeigandisha ukutani juu ya swichi.

Kwa hiyo nisemeje? Pampu yenyewe ni nzuri, nasema kweli. Tangu ifungwe sawasawa haijanisumbua hata siku moja, sili ni zile zile, malori matatu manne mfululizo haichoki. Ukiniuliza mashine, chukua. Lakini nikifika hapo nakumbuka "ni maji tu hayo mama", na mkono unakataa kuandika sifa. Mashine uliyouziwa na mtu asiyejali kama itakuua ni mashine nzuri? Nilishaandika mahali kwamba ni nzuri, nikafuta, nikaandika tena. Labda nami nina sehemu yangu. Niliona valvu inaingia mfukoni, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuanza kazi na aibu ya kuonekana sijui. Hapana, hata hivyo. Mimi nilikuwa mteja. Niliuliza swali la maana na nikajibiwa chai.

Wiki iliyopita kijana wa duka alinipigia, si mwenyewe, kuuliza kama nitahitaji sili na nozeli, kwa kuwa wao ndio wenye zinazoingia kwenye pampu hii. Ni kweli, nimeuliza kwingine nimekosa. Nikamwambia atume kwa basi, nitalipa zikifika. Akauliza kama watume na fundi wa kunifungia. Nikamwambia fundi ninaye, na yule wao asivuke geti langu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mama, pole na yaliyotokea." Ndiye wa kwanza kutoka duka lile kuniambia pole.