Shokapu za mbele kuvuja mafuta: fundi wa kwanza, fundi wa pili

Pikipiki yangu ni ya cc 150 na kazi yake ni kushusha karoti na kabichi kutoka Nyandira, milimani Mgeta, hadi Sangasanga, siku nyingine mpaka sokoni Morogoro mjini. Anayeijua barabara ya Mgeta anajua shokapu za mbele zinavyoteseka kule: mteremko, kona, mawe, na masika yakishika ni tope mpaka juu ya madigadi. Mwezi wa tano nikaona mstari mwembamba wa mafuta kwenye bomba la shokapu upande wa diski ya breki. Nikafuta. Kesho yake ukarudi. Nikawa nafuta kila asubuhi, nikijiambia nitashughulikia mvua zikikatika.

Hilo lilikuwa kosa, na wenye mazoea hayo wanisikilize. Mafuta yalichuruzika taratibu mpaka kwenye kalipa, ile inayobana diski kwa pedi za breki, pedi zikayanywa. Siku moja nashuka na viroba viwili nyuma, nafika kwenye kona, nakamata breki ya mbele, haikamati. Nilijiokoa kwa gia na breki ya nyuma, nikasimama ukingoni huku mikono inatetemeka. Shokapu ikivuja, kabla hujawaza starehe ya kuendesha, waza breki.

Fundi wa kwanza nilimpata barabarani. Alinitoza 18,000 kwa kila kitu, sili mbili (mipira inayozuia mafuta kutoka) zikiwemo, na kazi ikaisha ndani ya saa moja. Nilifurahia kasi ile. Alizing'oa sili za zamani kwa bisibisi, akazigongelea mpya kwa nyundo akizunguka ukingo, mara kushoto mara kulia, kisha akamimina oili ya injini kwa kukadiria kwa macho. Bomba lenyewe alilifuta kwa kitambaa, basi. Siku ya 17 shokapu ikaanza kuvuja tena, na safari hii zote mbili.

Fundi wa pili ana gereji ndogo mjini Morogoro. Nilipomweleza, hakugusa spana. Aliomba maji, akaosha mabomba yote mawili, akayakausha, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kutoka juu kwenda chini. Upande wa diski ukucha ukakwama. Akanishika mkono, akaniwekea kidole palepale. "Kaka, unasikia? Hata ukiweka sili ya dhahabu, hapa itakatika."

Nilisikia kweli. Vilikuwa vishimo viwili, kila kimoja kama punje ya mchanga, tena pale sili inapopita kila shokapu inapobonyea. Alinieleza kwamba tope likikaukia kwenye bomba linashika unyevu, kutu inapenya kwenye kromu na kuanza kula chuma cha chini, halafu kingo za kile kishimo zinakuwa kama msasa. Sili ni mpira wenye mdomo mwembamba. Kila tuta, ule mdomo unapita juu ya msasa. Upande wa pili bomba lilikuwa zima, ila sili ilipotoka tuliiona imechanika mdomoni na imekaa upande. Hiyo ni nyundo ya yule wa kwanza.

Kazi yake niliifuatilia yote, kwa hiyo naielezea. Aliweka stendi kubwa na tofali chini ya injini ili mbele ininginie. Kabla ya kuchomoa shokapu alilegeza kwanza vifuniko vya juu, maana zikishatoka huna pa kuzishikia. Akamwaga oili ya zamani kwenye kopo: ya kijivu, nzito, inanuka, na chini imeacha unga wa chuma. Bolti ya chini kabisa ilizunguka bila kufunguka. Alirudisha springi ndani na kifuniko chake, akamwambia kijana wake aikandamize, ikafunguka.

Kwenye vile vishimo alipitisha msasa laini namba 1200 uliolowa mafuta, akizungusha kufuata duara la bomba. Alisema ukisugua kwenda juu na chini unachora mifereji ya kupitishia mafuta. Akajaza gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya, akaiacha ikauke mpaka kesho yake, akasugua tena hadi ukucha ukapita bila kukwama. Aliniambia wazi kwamba hiyo ni dawa ya muda: "Ikikupa mwaka shukuru, halafu nunua bomba." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nimwamini. Pia alilaza mabomba kwenye kioo cha dirisha na kuyaviringisha kuona kama yamepinda. Yalikuwa yamenyooka.

Sili mpya alizipitisha kwenye bomba akiwa amefunika kichwa cha bomba kwa mfuko wa nailoni uliopakwa oili, ule mdomo usikwaruzwe na kingo za juu. Upande wenye namba ukaelekea juu, wenye kaspringi ukaelekea chini kwenye oili. Kuzishindilia hakutumia bisibisi wala nyundo moja kwa moja: ana kipande cha bomba la plastiki la maji, amekipasua katikati, anakikumbatisha kwenye bomba la shokapu na kukifunga kwa ukanda wa tyubu, halafu anakiteremsha kwa nguvu kama mtwangio. Sili inashuka sawasawa kwa mzunguko wote. Mlio unabadilika ikifika mwisho, na hapo anarudisha pete ya waya inayoishikilia. Nimetazama gereji nyingi na hapo ndipo nilipokiona kifaa hicho kwa mara ya kwanza, na ni bomba la maji tu.

Oili aliweka ya shokapu, ya uzito wa 10W, kwa bomba la sindano, kiasi kilekile kila upande, kisha akapima kwa kijiti kutoka mdomoni. Ukizidisha, hewa inakosa nafasi, na kwenye shimo kubwa shinikizo lote linaiendea sili. Mwisho aliingiza ekseli, akaibonyeza pikipiki mara kadhaa miguu ya shokapu ijipange, ndipo akakaza. Pedi alizitupa. Niliomba azisugue kwa msasa nizirudishe, akakataa katakata, kwamba pedi iliyokwisha kunywa mafuta haifai tena. Diski akaiosha kwa tina.

Nililipa 52,000: sili 16,000, oili 14,000, pedi 8,000, ufundi 14,000. Ni karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na pikipiki ililala gereji usiku mmoja, kwa hiyo nikapoteza na mzigo wa siku nzima. Kitu kimoja hakunitendea haki: hakuniambia kuhusu ile mipira ya mikunjo inayofunika bomba, nami nikaja kuinunua mwenyewe kwa 7,000. Kwa barabara kama ya Mgeta ilipaswa kuwa ushauri wake wa kwanza. Ukiiweka uwe unaipandisha na kuosha chini yake, maana maji machafu yakiingia yanakaa humo na kutu inaendelea kimyakimya.

Jambo jingine alilonifundisha limemsaidia mdogo wangu bila hata shilingi. Yake ilivuja wiki moja baada ya kupita kwenye tope, bomba safi, halina kishimo. Nilikata ukanda wa plastiki kwenye chupa ya maji, nikauchonga kandoni kama ndoana, nikainua kifuniko cha vumbi, nikauingiza kati ya sili na bomba na kuuzungusha. Ukatoka na michanga. Nikafuta, nikairudia mara tatu. Haikuvuja tena. Kwa hiyo kabla ya kununua sili, pitisha kwanza ukucha kwenye bomba. Likiwa laini, jaribu ukanda.

Yangu sasa inaingia mwezi wa saba. Vuli imepita yote na viroba vyake. Asubuhi hii nimepandisha mpira nikapitisha kidole: vumbi kavu, hakuna mafuta. Ila ile epoksi kwenye kishimo cha juu imeanza kunyanyuka ukingoni, ukucha unaisikia kidogo, na nimeshaanza kutenga hela ya bomba jipya.