Kidhibiti cha kibodi ya vipande viwili: tazama rezista kwanza, bei baadaye

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale. Kibodi ya vipande viwili kama Corne au Sofle imelehemiwa vizuri, QMK (programu inayoiendesha) imeingia, lakini ikichomekwa kwenye laptop mpya kwa waya wa C kwa C, kimya. Ikiwekewa waya wa zamani wenye kichwa cha USB-A, inawaka. Kidhibiti, yaani bodi ndogo yenye chipu inayoendesha kila kipande, hakijaungua, kimekosa rezista mbili tu.

Tundu la USB-C lina pini CC1 na CC2, na kila moja huunganishwa na graundi kupitia rezista yake ya kilo-ohm 5.1. Laptop isipoziona, haitoi volti 5. Rezista moja kwa pini zote mbili haitoshi: Raspberry Pi 4 za mwanzo, mwaka 2019, zilikuwa hivyo na zikakataa baadhi ya chaja.

Kidhibiti namba moja ni KB2040 ya Adafruit, na upendeleo wangu siufichi. Ina chipu ya RP2040, flashi ya megabaiti 8, rezista zote mbili, na mchoro wa saketi ulio wazi kwa yeyote. Programu ya kibodi iliyobuniwa kwa Pro Micro, kidhibiti cha zamani, haihitaji kuandikwa upya, amri hii inatosha:

qmk compile -kb crkbd/rev1 -km default -e CONVERT_TO=kb2040

Shikilia BOOT, bonyeza RESET, kisha achia. Diski ya RPI-RP2 ikitokea, buruta humo faili la .uf2 lililotokana na amri hiyo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Na usichomoe waya wa TRRS, ule unaounganisha vipande viwili, kibodi ikiwa na umeme, maana plagi hugusanisha pini inapotoka na chipu inaweza kufa.

Asiyetaka waya achukue nice!nano v2, yenye chipu ya Bluetooth ya nRF52840, na atumie ZMK, programu ya kibodi zisizo na waya. Betri ya 301230 ina unene wa milimita 3, kwa hiyo nunua soketi zenye kimo cha kuipisha chini ya bodi. Vipande viwili vikikataa kuonana, weka settings_reset, faili la kufuta mipangilio, pande zote mbili, halafu rudisha programu ya kila upande.

Raspberry Pi Pico ni ya kibodi za kuunganisha waya kwa mkono. Kwa milimita 51 kwa 21 haiingii nafasi ya Pro Micro. Pro Micro yenyewe, ya ATmega32U4, inabakiza baiti 28,672 za programu: ukiwasha VIA (ya kubadilisha vitufe bila kuandika programu upya), skrini na taa za RGB pamoja, haitoshi.

Sasa hao wauzaji. Picha ni ya bodi halisi, kinachofika ni nakala. Bei ya “kuanzia” ni ya bodi moja isiyo na pini, na wanajua fika kibodi hii inataka mbili. Neno Type-C linapandisha bei, rezista za senti chache hazimo. Mtake picha ya karibu ya nyuma ya tundu. Mzigo ukifika, kabla ya kulehemu chochote, pima kwa multimita kati ya GND (graundi) na A5, ambayo ndiyo CC1, kisha B5, ambayo ndiyo CC2. Isiposoma karibu kilo-ohm 5.1 kote kuwili, irudishe.