JobSeeker ya Australia (posho ya serikali kwa wasio na kazi) kwa mwenye mgongo mbovu: nyota 3 kati ya 5

Jamani mi nilidhani ukishindwa kubeba mizigo unapewa pensheni ya ulemavu moja kwa moja, kumbe wapi. Ile kwa kawaida inataka pointi 20 za ulemavu na usiweze kupiga kazi hata masaa 15 kwa wiki, sasa mgongo wangu huu pointi ngapi hapo. Nikaangukia JobSeeker, ni ya kuanzia miaka 22 mpaka umri wa pensheni ya uzee, na wanapima kipato na mali.

Kilichoniokoa ni tathmini ya uwezo wa kazi. Wakiona hutafikisha masaa 30 kwa wiki ndani ya miaka 2 ijayo unahesabiwa mwenye uwezo pungufu, mi nimeandikiwa masaa 15 kwenda juu kwahiyo sisukumwi kutafuta kazi ya siku nzima. Nenda na ripoti ya daktari inayosema kazi gani huwezi, mi mara ya kwanza nilibeba eksirei tupu kama naenda studio ya picha 😂

Mkalimani wa Kiswahili ni bure, dada wa Bukavu, tukaelewana freshi kabisa. Nyota zimepotea kwa kampuni niliyopangiwa initafutie kazi, jina naliacha, eti wananipeleka stoo kubeba maboksi!!

Ukipata kibarua unaripoti kila wiki 2, dola 150 za kwanza ndani ya hizo wiki 2 hazipunguzi posho, zikizidi wanaanza kuinyofoa. Na wakimbizi hatuhusiki na ile ngoja ya miaka 4 wanayowekewa wahamiaji wapya kabla ya kulipwa, ombeni tu.