Mafunzo ya usalama kwa wakufunzi wa urubani, Tabora: mchana ulinifaa kuliko asubuhi

Nilihudhuria mafunzo haya ya siku moja, ya kutambua watu wa kutilia shaka na kuzuia wizi wa ndege, nikiwa likizoni nyumbani Tabora, kwa ada ya shilingi 150,000 ambayo ilijumuisha chai, chakula cha mchana na kijitabu. Tulikuwa wanane, sote wakufunzi wa urubani, na ukumbi ulikuwa mdogo lakini tulivu.

Asubuhi ilitawaliwa na kisa cha Zacarias Moussaoui, aliyekuja kuhukumiwa kwa kushiriki njama za mashambulizi ya Septemba 11, ambaye mwezi Agosti 2001 alijiunga na chuo kimoja cha urubani cha Eagan, Minnesota, Marekani, akitaka kujifunza Boeing 747, ndege kubwa ya abiria, kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) ilhali hakuwa na leseni ya urubani, na akalipa sehemu kubwa ya ada yake kwa fedha taslimu. Wahusika wa chuo waliingiwa na shaka wakaarifu FBI, shirika la upelelezi la Marekani, naye akakamatwa tarehe 16 mwezi huohuo. Mwezeshaji alipotutaka tuandike ubaoni dalili za kutilia shaka, mwenzetu mmoja alianza na neno "mgeni". Mwezeshaji alilifuta kwa kiganja, bila maneno mengi, akasema anataka matendo tu. Zoezi hilo lilikuwa zuri, ingawa liliburutwa hadi saa saba.

Mchana ndio uliolipa ada yangu. Tulisimuliwa habari za mvulana wa miaka 15 ambaye Januari 2002, huko Florida, aliachwa afanye peke yake ukaguzi wa ndege ndogo aina ya Cessna 172 kabla ya somo, akaiwasha, akaruka nayo na kuigonga ghorofa mjini Tampa, akafa yeye mwenyewe. Nani kati yetu hajawahi kumkabidhi mwanafunzi ufunguo na kumwambia, "Tangulia, nakuja"? Kisha mwezeshaji alitoa mkobani ile pini yenye bati jekundu inayochomekwa kwenye usukani, akauliza ni wangapi huihesabu kuwa kufuli. Mikono mitano ilinyooshwa, wangu ukiwemo. Pini hiyo huzuia upepo usiyumbishe sehemu za bawa na mkia zinazoongoza ndege ikiwa imeegeshwa, na mtu yeyote huichomoa kwa vidole viwili; kinachomzuia mwizi ni kufuli la propela na ufunguo uliohifadhiwa mahali panapofungwa. Pale ninapofundisha, funguo huning'inia kwenye misumari nyuma ya mlango wa ofisi, kila mmoja na herufi za ndege yake.

Kasoro kubwa ilikuwa katika somo la kutoa taarifa za mtu wa kutilia shaka. Namba pekee ya simu iliyochapishwa kijitabuni ni ya Marekani, na nilipouliza mkufunzi aliyeko Tabora aanze na nani kati ya meneja wa kiwanja, polisi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nilijibiwa kwamba inategemea. Aidha, kijitabu kinasema sheria ya Marekani hudai wafanyakazi wa shule za urubani wapate mafunzo ya marudio ya aina hii kila mwaka, wakati tangu 2024 muda huo umekuwa miaka miwili. Kwa ada hiyo, mtu hutarajia maandishi yaliyohakikiwa.

Ningemshauri mkufunzi mwenzangu ahudhurie, hasa kama shule yake ina ndege zinazolala nje, mradi waandaaji waweke kwanza namba za hapa nyumbani. Kisanduku cha funguo nimekwisha kukinunua sokoni, na kinamngoja fundi wa kukipigilia ukutani.