Riwaya za zamani, riwaya za sasa na katuni: uzoefu wangu wa kusoma bila kuruka

Mimi husoma riwaya za karne ya 19, riwaya zilizotoka juzijuzi na vitabu vya katuni, na mara nyingi vyote vitatu vinakuwa mezani kwa wakati mmoja. Wengi huvitenga, kana kwamba kila kimoja kina wasomaji wake. Kwangu vyote vinadai jambo lile lile: usiruke. Pale ambapo msomaji mwenye haraka anapita mbio ndipo mwandishi mzuri anapoweka mali yake.

Mfano wangu mkubwa ni Les Misérables ya Victor Hugo, iliyotoka mwaka 1862. Niliisoma kwanza katika toleo lililofupishwa, na kisa chote kilikuwemo: Jean Valjean aliyefungwa kwa kuiba mkate, askari Javert anayemwandama, mtoto Cosette anayeteswa na walezi wake. Nilikipenda kwa kiasi. Baadaye nikapata kitabu kizima, nikakutana na vita vya Waterloo. Ni sura 19, zimewekwa mwanzoni kabisa mwa sehemu ya pili, wakati unachotaka kujua ni Valjean kaishia wapi. Badala yake unapewa mvua ya usiku uliotangulia, matope yaliyochelewesha mizinga, wapanda farasi wanaotumbukia katika barabara iliyozama ardhini. Naelewa kwa nini wahariri wa matoleo mafupi huanza kukata hapo.

Lakini soma hadi sura ya mwisho. Vita vimekwisha, ni usiku, na mtu mmoja anatambaa kati ya maiti akivua pete na saa. Anaona mkono umejitokeza kwenye lundo la miili, anauvuta ili apekue vizuri, na mwenye mkono anazinduka. Ni ofisa, na anaamini ameokolewa na askari mwenzake. Anamuuliza jina. Mwizi anajibu: Thénardier. Ofisa anaapa kulikumbuka jina hilo, na anapokufa miaka mingi baadaye anamwachia mwanawe, Marius, wosia wa kumtendea mema huyo Thénardier kila awezalo. Sasa njoo mbele, mamia ya kurasa baadaye. Marius amejibanza nyuma ya ukuta, anachungulia kwenye tundu, mkononi ana bastola aliyopewa na Javert ili afyatue risasi kuwaita polisi. Chumba cha pili majambazi wamemzingira mzee wa watu. Kidole kiko tayari, na hapo kiongozi wa majambazi anajitaja jina. Marius anaganda. Katika toleo fupi nilimwona kijana mwoga. Katika kitabu kizima nilimwona mtoto aliyefungwa na deni la marehemu baba yake, deni ambalo mimi msomaji nalijua kuwa ni la uongo na yeye halijui. Nilifunga kitabu nikavuta pumzi.

Si kila mchepuko wa Hugo unalipa hivyo. Sura za maisha ya watawa zilinichosha, na hadi leo sijaona zimeongeza nini.

Kwa Charles Dickens ushauri wangu ni mfupi. Great Expectations ilitoka kila wiki gazetini, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, sura moja au mbili kwa toleo. Isome hivyo hivyo. Ukiimeza kwa siku mbili, vile vishindo vya mwisho wa kila sura vinakuchosha. Ukisoma sura mbili ukaiweka chini, unakaa na swali lile lile walilokaa nalo wasomaji wa kwanza, na kitabu kinanoga.

Riwaya za sasa nyingi zinanisumbua kwa sababu nyingine: zimeshakatwa kabla hazijanifikia. Sura za kurasa tatu, kila moja inaishia kwenye mshtuko, wahusika hawana muda hata wa kukaa kimya. Nazimaliza haraka na wiki ikipita simkumbuki mtu hata mmoja. Kwa hiyo nikikutana na mwandishi wa zama hizi anayethubutu kwenda taratibu, namshika. Kazuo Ishiguro ni mmoja wao. Abdulrazak Gurnah ndiye ninayemrudia zaidi, hasa Paradise ya mwaka 1994, ambayo kwa Kiswahili ilitoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ikitafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf ana umri wa miaka 12. Mfanyabiashara ambaye Yusuf humwita ami akija nyumbani humwachia sarafu, na mtoto humsubiri kwa hamu. Siku moja anaambiwa atasafiri naye, na anafurahi kupanda treni. Ni kijana wa dukani, Khalil, anayemkatia kauli: huyo si ami yako, uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Gurnah hapigi kelele. Mtoto anaendelea kuteleza na kumwita ami, Khalil anaendelea kumrekebisha kwamba aseme Seyyid, na kila anapoteleza moyo wangu unashuka kidogo. Msomaji anayekimbilia safari za bara atadhani sura za dukani ni porojo za vijana wawili. Ndipo riwaya yote ilipo, maana Khalil naye ni rehani.

Na katuni? Nashangaa kuona watu wazima bado wanazihesabu kuwa za watoto. Maus ya Art Spiegelman ilipata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, nayo inasimulia jinsi baba yake alivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe. Ukisoma maneno peke yake utaimaliza jioni moja, na utakuwa umekosa nusu. Tazama baba anapojificha mitaani akijifanya Mpolandi: amevaa kinyago cha nguruwe, na uzi wa kukifungia unaonekana kisogoni. Hakuna neno linaloutaja. Katika kitabu cha pili mchoraji mwenyewe yuko mezani kwake akieleza kitabu chake kilivyouzwa, naye amevaa kinyago cha panya, na chini ya meza kuna rundo la maiti. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko sura nzima za riwaya nyingine.

Hapa nina malalamiko. Programu moja niliyotumia kusomea katuni kwenye simu huonyesha kisanduku kimoja kimoja, unagusa kinakuja kingine. Nilisomea humo Watchmen, kazi ya Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons iliyotoka kwa matoleo 12 mwaka 1986 na 1987. Kurasa zake nyingi zimejengwa kwa visanduku tisa, na toleo la tano limepangwa kama kitu kilichokunjwa katikati: ukurasa wa kwanza unaakisi wa mwisho, wa pili unaakisi wa pili kutoka mwisho, hadi kurasa mbili za kati zinazotazamana, penye shambulio la risasi. Kwenye simu sikuona lolote kati ya hayo. Niliona picha zinapita tu. Programu ile ilifanya kwa katuni kile ambacho toleo fupi lilimfanyia Hugo, na ilifanya bila kuondoa hata mstari mmoja.

Kitabu cha karatasi kilinionyesha muundo wote mara nilipokifungua katikati. Kwa hiyo Watchmen na Maus zitafute za karatasi. Spiegelman alichora Maus kwa ukubwa ule ule wa kuchapwa, hivyo mistari unayoiona ndiyo aliyoipitisha kwa mkono wake. Kama huna budi kutumia skrini, tumia pana, na kabla hujaanza weka mpangilio wa kuonyesha ukurasa mzima.