Kununua tiketi za bendi kongwe za roki mtandaoni: uzoefu wangu, nyota mbili kati ya tano

Nyota ya kwanza naitoa kwa tiketi ya simu: ukishalipa inaingia papo hapo, haichaniki wala haisahauliki kwenye suruali nyingine. Ya pili ni ya bei za chini, ambazo zipo kweli kwa anayejua zinakojificha. Tatu nimezikata kwa sababu moja. Mnunuzi huijua bei atakayolipa akiwa ameshakaa foleni muda mrefu, dakika za kulipa zinapungua mbele ya macho yake, na hana nafasi ya kulinganisha chochote.

Ninachokipima ni huduma nzima ya kununua tiketi za bendi za zamani kule Uingereza na Marekani: Rolling Stones, AC/DC, Eagles, Oasis, The Cure na wenzao. Mashabiki wanaosoma Kiswahili wapo London na Minneapolis, wapo pia Nairobi na Dar wanaojipanga kusafiri. Na kwa kuwa Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja, tuna haki ya kulalamika kama wenzetu.

Nianze na lawama, maana wengi huzitupa pasipo pake. Bei ikipaa, matusi yote humwangukia muuza tiketi. Muuza tiketi ana makosa yake, lakini bei ya msingi, na uamuzi wa kutumia bei zinazopanda kadiri wanunuzi wanavyokuwa wengi, hutoka kwa bendi na waandaaji wake. Tazama The Cure mwaka 2023 walipozunguka Marekani: walikataa bei zinazopanda, walikataa tiketi za bei kubwa ziitwazo platinamu, wakazuia tiketi kuhamishwa kwa mtu mwingine kila sheria iliporuhusu, na katika kumbi kadhaa tiketi zilianzia dola 20. Muuzaji alikuwa kampuni ya Ticketmaster, yuleyule anayelaumiwa kila siku. Tazama na Oasis. Tiketi za Uingereza na Ireland zilipouzwa tarehe 31 Agosti 2024, nafasi za kusimama zilizotarajiwa kuwa kama pauni 150 ziliwatokea watu kwa zaidi ya pauni 350. Bendi ikasema mambo ya bei iliwaachia waandaaji na menejimenti. Mwezi mmoja baadaye ikatangaza ziara ya Amerika Kaskazini na kuahidi kwamba bei zinazopanda hazitatumika huko. Kwa hiyo swichi ipo, na bendi inajua ilipo.

Kuhusu sakata hilo la Oasis, wengi bado wanaamini kuna mtambo uliokuwa ukipandisha bei kila sekunde. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilichunguza na haikukuta hivyo. Ilichokuta ni cha kizamani zaidi. Tiketi za kusimama ziliwekwa katika mafungu mawili ya bei, la bei nafuu likauzwa lote kwanza, kisha likafunguliwa la bei kubwa, bila watu wa kwenye foleni kuambiwa kwamba mafungu ni mawili. Juu ya hapo kulikuwa na tiketi zilizoitwa platinamu, zilizouzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kiti cha aina hiyohiyo, bila maelezo ya kutosha kwamba hazina nyongeza yoyote. Kiti kilekile, mwonekano uleule. Septemba 2025 Ticketmaster ilikubali kwamba huko Uingereza itawatangazia wanunuzi saa 24 kabla ya mauzo iwapo bei zitakuwa za mafungu. Tangazo hilo lisome. Andika bei zote mbili kwenye karatasi, uamue mapema kama ile ya juu unaiweza. Ukiamulia ndani ya foleni utalipa yoyote.

Foleni yenyewe ina siri ambayo haielezwi vya kutosha. Kwa kawaida kuna chumba cha kusubiria kinachofunguliwa kabla ya saa ya mauzo. Wote waliomo saa ikigonga hupangwa kwa bahati nasibu. Aliyeingia alfajiri na aliyeingia dakika tano kabla wana nafasi sawa. Anayeingia baada ya mauzo kuanza ndiye anayepelekwa mkiani. Mimi huingia kama dakika kumi na tano kabla, kifaa kimoja, akaunti moja, kadi ikiwa imeshahifadhiwa na namba ya simu imeshathibitishwa. Kufungua madirisha kumi kwa akaunti moja hakukuongezei bahati. Mfumo hukudhania roboti, na unaweza kutolewa foleni ukiwa umebakiza watu wachache mbele. VPN nayo, programu inayoficha mahali ulipo, izime kwa sababu hiyohiyo. Namba ya foleni ikisimama usibonyeze kuonyesha upya ukurasa. Mara nyingi wamesimamisha kidogo kuingiza watu ili tovuti isizimie, au wanafungua onyesho la pili.

Onyesho la pili ndilo tumaini halisi. Bendi kubwa huwa imeshakodi ukumbi kwa usiku mwingine na hungoja kuona ukubwa wa foleni kabla ya kutangaza. Ukikuta usiku wa kwanza umebaki na bei za kutisha tu, toka uangalie ukurasa wa bendi kwanza kabla ya kulipa. Siku za katikati ya wiki, na miji ambayo si mji mkuu, huwa na nafuu zaidi.

Ukishaingia kwenye ramani ya viti, fungua kichujio kabla ya kugusa kiti chochote. Kwenye tovuti za Marekani ramani huchanganya tiketi za mara ya kwanza na zile zinazouzwa tena na watu waliokwisha kuzinunua, tofauti ikiwa ni rangi ya nukta tu. Ondoa alama kwenye zinazouzwa tena, ondoa platinamu, ondoa vifurushi vya VIP. Ramani itabaki na nukta chache, lakini hizo ndizo za bei iliyopangwa kwa watu wa kawaida. Kitufe cha kukuchagulia kiti bora kilichopo nakikwepa. Mfumo haujui kwamba kwako wewe bora maana yake ni nafuu.

Vifurushi vya VIP visome mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta bango, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kuingia mapema, wala kukutana na bendi hakumo. Kwenye bei ya kifurushi toa bei ya kiti cha kawaida cha safu hiyo, kinachobaki ndicho unachonunulia bango. Mimi sijaona bango la thamani hiyo.

Sasa ada, maana hapa ndipo panapouma. Mfano wa The Cure ulisambaa sana: tiketi nne za dola 20, jumla dola 80. Kila tiketi ikawekewa ada ya huduma dola 11.65 na ada ya ukumbi dola 10, kisha oda nzima ikaongezewa dola 5.50. Jumla ikafika dola 172.10, yaani ada zilizidi tiketi zenyewe. Robert Smith, mwimbaji wa The Cure, alipolalamika hadharani, Ticketmaster ilikubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini kabisa na dola 5 kwa nyingine. Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam waligombana na kampuni hiyohiyo wakitaka tiketi za dola 18 zenye ada isiyozidi dola 1.80, wakapeleka malalamiko serikalini, na mwaka uliofuata serikali ikafunga faili. Hesabu ile ya The Cure inafundisha jambo moja la kutumia mara moja: ada ya oda hulipwa mara moja, kwa hiyo marafiki wanne wakinunua pamoja huokoa ada tatu. Ada ya huduma na ya ukumbi hazikwepeki, ila kumbi nyingine huuza tiketi dirishani kwa ada ndogo au bila ada ya huduma. Kwa aliye karibu, nauli ya basi inaweza kujilipa.

Kuna nafuu moja. Tangu Mei 2025 kanuni ya Marekani inamtaka muuzaji aonyeshe bei kamili pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, na Uingereza ina sheria ya namna hiyo tangu Aprili mwaka huohuo. Bei haijashuka, lakini walau hushtuki mwishoni.

Ukikosa siku ya kwanza, au ukaona bei ni ya wazimu, tulia. Waandaaji huzuia viti kadhaa kwa ajili ya vifaa: meza ya mafundi wa sauti, minara ya taa, kamera, pembe ambazo hawajui kama jukwaa litazikinga. Jukwaa likishajengwa na wakaona viti vinafaa, huviachia, mara nyingi siku moja au mbili kabla ya onyesho, pengine mchana wa siku yenyewe. Huuzwa kwa bei ya kawaida, na baadhi huwa karibu kabisa na jukwaa. Fungua ukurasa wa onyesho asubuhi na jioni katika wiki ya mwisho, kichujio kikiwa kilevile. Viti vilivyoandikwa kwamba mwonekano una kikwazo usividharau kabla ya kuuliza kikwazo chenyewe ni nini. Cha pembeni kinachokosa skrini moja tu kinaweza kuwa bora kuliko cha mbali kinachoona kila kitu kwa udogo wa sisimizi.

Rolling Stones wana mpango wao wa tiketi za bahati, Lucky Dip. Zinauzwa mbili mbili kwa bei ya chini, hujui utakaa wapi mpaka uzichukue ukumbini siku ya onyesho ukiwa na kitambulisho, na unaweza kuangukia paani au chini ya jukwaa. Ni wazo zuri, idadi yake ndiyo ndogo. Bei zao za kawaida ni habari nyingine: ziara yao ya Marekani ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, chama cha watu wa miaka 50 na kuendelea, na waliopanga bei walidhani kila mstaafu ana mafao manono.

Walanguzi wana tabia inayotabirika. Wiki ya kwanza bei zao ziko juu kabisa kwa sababu hofu iko juu. Baadhi huorodhesha tiketi ambazo hawajazipata bado, kwa hiyo tangazo lisilotaja safu na namba ya kiti lipite. Kadiri siku inavyokaribia, tiketi isiyouzwa inageuka kuwa hasara tupu, na bei hulegea, hasa saa za mwisho. Si kwa kila bendi: usiku wa pekee katika mji mmoja hauna huruma. Ireland, tangu 2021, ni marufuku kuuza tena kwa bei inayozidi ya awali kwa kumbi za watu 1,000 na zaidi. Uingereza tovuti kama Twickets huuza kwa bei isiyozidi ya awali. Weka taarifa za simu ziwake, kwani tiketi nzuri hazikai.

Kwa anayelipa na kadi kutoka Afrika Mashariki, matatizo huwa kwenye malipo kuliko kwenye foleni. Washa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi siku moja kabla, pandisha kikomo cha siku, na hakikisha laini inayopokea namba ya siri ya mara moja iko hewani. SMS ikichelewa, viti vinarudi sokoni. Anwani ya malipo iandikwe kama ilivyo benki; tovuti za Marekani hudai msimbo wa posta na hukataa kadi usipolingana. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inasaidia wasio na kadi ya benki, ila usiifunge kabla ya onyesho, maana fedha zikirudishwa hurudi kwenye kadi iliyolipa. Viza nayo ni jambo tofauti na tiketi. Kabla ya kulipa angalia kama tiketi inaweza kuuzwa tena au kuhamishwa, kwani ukinyimwa viza ukiwa na tiketi isiyohamishika, fedha imekwenda.

Na fedha za safari uzihesabu kwa jicho la umri wa wanamuziki. Aerosmith walisitisha ziara yao ya kuaga Agosti 2024 na kuacha ziara kabisa kwa sababu ya koo la mwimbaji wao, Steven Tyler. Katika hali hiyo aliyenunua kwa muuzaji wa awali hurudishiwa, lakini hoteli na ndege hazimhusu muuzaji huyo. Chukua hoteli inayofutika bila faini. Onyesho likiahirishwa halihesabiki kuwa limefutwa: soma muda uliowekwa wa kuomba fedha, wakati mwingine ni mfupi, na ukipita tiketi yako inahamia tarehe mpya utake usitake.

Neno kuaga lenyewe lisikutoe fedha. The Who waliaga mwaka 1982, na 2025 walikuwa wakiaga tena Amerika Kaskazini. KISS walifanya ziara ya kuaga mwaka 2000, kisha nyingine iliyoanza 2019 na kwisha Desemba 2023. Mötley Crüe walitia saini mkataba hadharani mwaka 2014 wa kutorudi barabarani, na 2019 wakatangaza kurudi. Eagles nao walianza kuaga 2023, kisha wakahamia ukumbi wa Sphere wa Las Vegas mwaka uliofuata.

Mlangoni: picha ya skrini haifanyi kazi kwa tiketi nyingi za sasa kwa kuwa msimbo wake hubadilika kila mara. Iingize kwenye pochi ya simu ukiwa bado na intaneti nzuri, maana karibu na uwanja uliojaa mtandao hulemewa, na beba betri ya akiba. Simu ikizima, nenda dirisha la tiketi na kitambulisho chenye jina lililo kwenye oda.